Kabla ya Kuweka Zana Chini: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mgomo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza mgomo unaanzia wapi na unaishia wapi. Unaanza wiki nyingi kabla ya siku ya kwanza ya kugoma, kwenye daftari la wanachama, kwenye barua zenye mihuri na kwenye kikokotoo. Idadi ya siku na asilimia za kura hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kila msomaji azikague kwenye sheria inayomhusu. Mpangilio wa kazi, hata hivyo, unafanana karibu kila mahali.

Ndugu wahariri, mazungumzo yetu na menejimenti yamekwama. Wao wamesimama kwenye asilimia 6, sisi tunadai 9. Kwenye mkutano wa tawi watu walipaza sauti "tugome kesho" na karibu wote wakanyoosha mikono. Je, kura hiyo inatosha?
*Katibu wa tawi, kiwanda cha vifungashio*

Haitoshi, ndugu katibu, na tunawasihi msigome kesho. Katika nchi nyingi mgomo uliofuata utaratibu husimamisha mkataba wa ajira bila kuuvunja: mwajiri halipi mshahara wa siku hizo, lakini hawezi kumfukuza mtu kwa kosa la kugoma. Mgomo wa papo kwa papo huhesabiwa utoro, na hapo mwajiri amefunguliwa mlango. Agosti 1981 waongozaji wa ndege wa Marekani waligoma ilhali sheria iliwakataza watumishi wa serikali kuu kufanya hivyo. Rais Ronald Reagan aliwapa saa 48 warudi kazini, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Kabla ya mwaka kwisha chama chao, PATCO, kilikuwa kimepokonywa haki ya kuwawakilisha.

Anzeni na mkataba wa hali bora za kazi mlio nao. Tazameni unaisha lini na kama una kifungu cha amani, yaani ahadi ya kutogoma wakati mkataba ungali hai. Kisha mkwamo uandikwe: kumbukumbu za kikao zenye tarehe, ofa ya mwisho ya mwajiri, dai la mwisho la chama, na saini za pande zote mbili. Mwajiri akikataa kusaini, mpelekeeni barua ya kueleza mkwamo na mtunze uthibitisho kwamba imepokelewa.

Baada ya hapo shauri liende kwa msuluhishi. Tanzania na Afrika Kusini usuluhishi hupewa siku 30, na ukishindikana chama hutoa notisi ya saa 48. Afrika Kusini mwajiri akiwa serikali, notisi ni siku 7. Kenya nayo hudai siku 7. Hati ya msuluhishi inayosema shauri limeshindikana itunzwe kuliko karatasi nyingine zote, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuulizwa mahakamani.

Kura ndiyo inayoharibika zaidi. Iwe ya siri, isimamiwe na watu wasiogombea cheo, na daftari la wapigakura lisafishwe kwanza. Waliohama, waliostaafu na wasiolipa ada kwa kadiri katiba ya chama inavyosema watolewe, wapya waingizwe. Swali kwenye karatasi litaje dai na hatua: "Je, unakubali kugoma kuhusu nyongeza ya mshahara ya mwaka huu?" Mwaka 2019 wafanyakazi wa posta wa Royal Mail nchini Uingereza walipiga kura ya mgomo, asilimia 97 wakakubali, na waliojitokeza walikuwa karibu robo tatu ya wanachama. Mahakama Kuu iliuzuia mgomo huo, kwa kuwa chama kiliwahimiza wanachama wafungue bahasha za kura kazini ilhali sheria ilitaka kila mmoja apigie kura nyumbani bila kuingiliwa. Kura nyingi hazikuziba pengo la utaratibu.

Msiridhike pia na asilimia ya "ndiyo" peke yake. Tawi lenye wanachama 300 likipata wapigakura 120, na 100 kati yao wakakubali, tangazo litasema asilimia 83. Mwajiri atasema theluthi moja tu ya wanachama ndio wametaka mgomo, na atakuwa sahihi. Hapo ahirisheni, mrudi kuzungumza na watu idara kwa idara.

Na madai yasiongezeke njiani. Mkienda usuluhishi kwa ajili ya mshahara, kisha siku ya mgomo mabango yakadai meneja fulani aondolewe, mwajiri atakimbilia zuio la mahakama kwa hoja kwamba dai hilo halikusuluhishwa. Mara nyingi hulipata.

Tukigoma wiki nne na tukashinda, nyongeza itaanza kutulipa lini? Na mfuko wa mgomo uwe na kiasi gani?
*Mweka hazina wa chama*

Tunafurahi kwamba kuna anayeuliza hili kabla ya mgomo. Chukua mfano wa barua iliyotangulia. Tofauti kati ya ofa na dai ni asilimia 3. Wiki nne ni siku 20 za kazi kati ya 260 za mwaka, sawa na asilimia 7.7 ya mshahara wa mwaka. Gawanya 7.7 kwa 3: miaka 2 na miezi 7 ndipo mfanyakazi arudishe alichopoteza. Mkipatana kwenye asilimia 8 badala ya 9, muda unapanda hadi karibu miaka 4. Mgomo wa wiki moja unaoleta asilimia 3 zote hujilipa kwa miezi 8 hivi.

Hesabu hiyo haisemi msigome. Asilimia iliyoingia kwenye mshahara wa msingi hubaki humo hata mkataba ukiisha, na nyongeza zijazo hukokotolewa juu yake. Tena yapo mambo yasiyopimika kwa asilimia, kama usalama kwenye mashine. Lakini wanachama waoneshwe namba hizi kabla ya kupiga kura, maana wakizigundua wiki ya tatu wataanza kurudi kazini mmoja mmoja.

Sasa mfuko. Zidisha idadi ya wanachama, posho ya mgomo na wiki. Wanachama 400 wakipewa asilimia 30 ya mshahara kwa wiki 4, inahitajika mishahara 480 ya wiki moja. Ada ikiwa asilimia 1, wanachama hao 400 huingiza mishahara 4 kila wiki. Hata kama ada yote ingekwenda mfukoni bila kununua karatasi hata moja, zingepita wiki 120. Ndiyo maana mfuko hufunguliwa siku mkataba uliopita uliposainiwa. Mgogoro ukishaanza mmechelewa.

Pesa zikiwa chache, chagueni pa kugoma. Septemba 2023 UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari cha Marekani, kilikuwa na takriban dola milioni 825 mfukoni na wanachama wapatao 146,000 katika kampuni za General Motors, Ford na Stellantis. Kwa posho ya dola 500 kwa wiki, wote wakigoma kwa pamoja ni dola milioni 73 kila wiki: mfuko ungemalizika kwa wiki 11 hivi, bila kuhesabu matibabu. Wakaanza na kiwanda kimoja katika kila kampuni, watu wasiofika 13,000, kisha wakaongeza kiwanda kipya kila mazungumzo yalipokwama. Kampuni hazikujua kipi kitafuata. Baada ya wiki sita zilikubali nyongeza ya jumla ya asilimia 25 kwa miaka minne na nusu.

Tafuteni basi idara ambayo ikisimama, nyingine hazina cha kufanya, na isiyo na akiba kubwa ghalani. Ila waulizeni wanasheria jambo moja kwanza: katika baadhi ya nchi mwajiri anaweza kuwafungia nje hata wale ambao hawajagoma.

Posho igawiwe kwa zamu za lindo la mgomo, yaani wagomaji wanaosimama langoni, zilizosainiwa. Kiasi kidogo kitengwe kwa wenye shida halisi: wagonjwa, wajawazito, wanaodaiwa kodi ya nyumba. Wenye mikopo waandike kwa wakopeshaji kuomba kusogezewa tarehe kabla mgomo haujaanza. Barua inayofika baada ya malipo kukosekana husikilizwa kwa shida.

Mwajiri ametupa ofa mbili za miaka mitatu: asilimia 4 kila mwaka, au 2, 4 na 7. Ya pili ina jumla ya 13. Tuichukue?
*Mjumbe wa kamati ya majadiliano*

Chukulia mshahara wa sasa ni 100. Ofa ya kwanza inaupeleka kwenye 104, 108.2 na 112.5. Ya pili ni 102, 106.1 na 113.5. Jumlisha miaka yote: ya kwanza inaleta takriban 24.7 juu ya mshahara wa sasa, ya pili 21.6. Yenye jumla kubwa ndiyo inayolipa kidogo ndani ya mkataba, ingawa inamaliza ikiwa juu kidogo. Wakiwa wengi wanaokaribia kustaafu kwa pensheni inayokokotolewa kwa mshahara wa mwisho, ya pili ina mantiki. Vinginevyo tungechukua ya kwanza, kwa sababu nyongeza ya mwaka wa tatu ndiyo waajiri hurudi kuomba iahirishwe biashara ikiyumba. Mkipewa malipo ya mkupuo badala ya asilimia, kumbukeni kwamba mkupuo hauingii kwenye msingi wa saa za ziada wala wa kiinua mgongo.

Wenzetu wanashauri mgomo baridi: tuingie kazini kama kawaida, tupunguze kasi tu. Mshahara utaendelea na sheria haitatugusa. Ni kweli?
*Fundi mitambo*

Si kweli, na ushauri huo umewaponza wengi. Sheria ya Afrika Kusini, kwa mfano, inahesabu kupunguza kasi kwa pamoja kuwa ni mgomo. Hata kukataa kwa pamoja saa za ziada ambazo kwa mtu mmoja ni za hiari kumo ndani ya tafsiri hiyo. Mgomo baridi usio na usuluhishi wala notisi una hatari zote za mgomo haramu, na unampa mwajiri takwimu za uzalishaji za kila mtu kama ushahidi.

Kufanya kazi kwa kanuni ni jambo lingine. Ikiwa mwongozo wa mashine unataka ukaguzi wa vipengele 12 kabla ya kuwasha, na kwa mazoea mnakagua 4, kukagua vyote 12 ni kutii agizo lililoandikwa. Kila hatua iwe na ukurasa wa mwongozo unaoitaka, na fomu za ukaguzi zijazwe na kutunzwa. Mkianza kubuni ukaguzi usiomo kitabuni, mmerudi kwenye mgomo baridi.

Mimi ni muuguzi. Hospitali inasema hatuna ruhusa kugoma kabisa kwa kuwa sisi ni huduma muhimu. Pia nimesoma kwamba haki ya kugoma haimo kwenye mikataba ya Shirika la Kazi Duniani.

Tuanze na la pili. Mkataba namba 87 wa mwaka 1948, unaohusu uhuru wa kujiunga na vyama, hauitaji haki ya kugoma. Vyombo vya usimamizi vya shirika hilo vimeisoma haki hiyo ndani ya mkataba kwa miongo mingi. Mwaka 2012 upande wa waajiri uliipinga tafsiri hiyo hadharani, na Novemba 2023 baraza la uongozi likaamua kuomba ushauri wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hoja za mdomo zilisikilizwa The Hague Oktoba 2025. Kwa mfanyakazi wa kawaida, katiba na sheria ya nchi yake ndivyo vya kutazama kwanza, maana nchi nyingi zimeitaja haki hiyo waziwazi.

Kuhusu huduma muhimu, kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ni chembamba: huduma ambayo ikikatika huhatarisha uhai, usalama au afya ya watu. Hospitali, maji, umeme na uongozaji wa ndege zimo. Benki, bandari na elimu kwa kawaida hazimo, ingawa serikali nyingi hupenda kuziingiza. Waliokatazwa kugoma wanastahili fidia ya njia nyingine: uamuzi wa mwamuzi huru, wa haraka, unaozifunga pande zote mbili. Penye katazo lisilo na uamuzi huru, hilo ndilo dai lenu la kwanza.

Kama sheria yenu inaruhusu mgomo wenye huduma ya chini, ijadiliwe wodi kwa wodi kabla ya notisi. Kipimo kizuri cha kuanzia ni idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku au ya Jumapili; hospitali yenyewe imekwisha kukubali kwamba kwa idadi hiyo wagonjwa wako salama. Wagonjwa mahututi, dharura, wanaojifungua na wanaosafishwa figo wabaki na wahudumu kamili. Kliniki za kawaida na upasuaji unaoweza kungoja ndivyo visimame. Andikeni idadi kwa kila zamu, nani atapokea simu hali ikibadilika, na dakika ngapi za kuongeza watu. Mwajiri akidai asilimia 90 ya wahudumu wabaki, hiyo si huduma ya chini. Uingereza ilitunga sheria ya viwango vya chini vya huduma mwaka 2023, ambayo iliwapa waajiri uwezo wa kuwataja wafanyakazi wanaotakiwa kuja kazini siku ya mgomo. Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 imeifuta.

Nimo upande wa menejimenti. Notisi ya mgomo imefika. Naweza kuwauliza wasimamizi wangu nani atagoma, na kuleta vibarua?
*Meneja wa uzalishaji*

Usiwaulize watu mmoja mmoja. Swali la bosi kwa mtu aliye chini yake halisikiki kama swali, na baadaye litasomwa kama kitisho. Kiandikie chama: idara zipi, zamu zipi, nani wa pande zote mbili atasimamia kuzimwa salama kwa tanuri, majokofu na kemikali. Chama makini hutoa watu wa kazi hiyo, kwani hakuna mfanyakazi anayetaka kurudi kwenye mtambo ulioharibika.

Vibarua ni suala la sheria ya mahali. Kanada iliwapiga marufuku wachukua nafasi za wagomaji katika sekta zinazosimamiwa na serikali kuu kuanzia Juni 20, 2025. Marekani, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1938, mwajiri anaweza hata kuwaweka wa kudumu mgomo ukiwa wa kudai maslahi. Panapokubaliwa, bado tunashauri usiharakishe. Kibarua asiyeijua mashine huleta bidhaa mbovu na ajali, na chuki inayobaki huishi kiwandani kwa miaka.

Kuhusu lango, kaeni na chama mkubaliane umbali wa lindo, idadi ya watu, njia ya magari na majina ya wasimamizi wa pande zote. Agosti 16, 2012, kule Marikana, Afrika Kusini, polisi waliwaua kwa risasi wachimba migodi 34 waliokuwa katika mgomo wa mishahara. Kuita polisi wenye silaha kwenye mzozo wa mshahara kamwe kusihesabiwe kuwa hatua ya kawaida ya kiutawala.

Sisi madereva wa programu za simu hatuna bosi wa kumpa notisi. Tulizima simu siku nzima na bado abiria walisafiri. Tulikosea wapi?

Wenzenu wachache walipozima, mfumo ulipandisha nauli, na nauli hiyo ikawavuta madereva wasio kwenye kundi. Siku nzima ni ndefu mno. Chagueni saa mbili za msongamano mkubwa, eneo moja lenye wateja wengi, na muwatangazie abiria mapema ili nao wapange safari zao kwa njia nyingine.

Jengeni pia ushahidi. Kila dereva ahifadhi picha za skrini za nauli aliyolipa abiria, alichopata yeye, na ujumbe wa kufungiwa akaunti, vyote vikiwa na tarehe. Ushahidi wa namna hii ndio unaoonesha nani anapanga bei na nani anatoa adhabu, na ndiyo maswali ambayo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliyatazama ilipoamua, Februari 19, 2021, kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Umoja wa Ulaya umetoa agizo la mwaka 2024 ambalo nchi wanachama zinatakiwa kuliingiza katika sheria zao ifikapo Desemba 2, 2026. Dereva aliyefungiwa akaunti atakuwa na haki ya kupewa maelezo ya maandishi, na binadamu lazima aupitie upya uamuzi huo. Hata kama hamko Ulaya, maneno hayo ni rasimu nzuri ya madai yenu.

Tahadhari moja: mahali ambapo madereva huhesabiwa kuwa wafanyabiashara binafsi, kukubaliana bei kwa pamoja kunaweza kuchukuliwa kuwa kosa la ushindani. Dai liwe kiwango cha makato na utaratibu wa kufungia akaunti, hadi mwanasheria aseme vinginevyo.

Tumekubaliana, watu wana furaha, menejimenti inasema turudi kesho asubuhi na karatasi zitafuata.
*Mwenyekiti wa tawi*

Karatasi zitangulie. Makubaliano ya kurudi kazini ni waraka tofauti na wa mshahara, na usiposainiwa kabla ya zamu ya kwanza nguvu yenu imekwisha. Waandikeni waliofunguliwa mashtaka ya nidhamu wakati wa mgomo, mmoja mmoja kwa jina, na kesi zao zinaishaje. Andikeni kwamba siku za mgomo hazikatizi muda wa utumishi kwa ajili ya likizo na kiinua mgongo, makato ya siku hizo yatagawanywa kwa miezi mingapi, vibarua wanaondoka lini, na kesi za mahakamani zinafutwa na nani.

Kisha wanachama wapige kura ya kuridhia wakiwa wamesoma maandishi kamili, si muhtasari wa jukwaani. Wafanyakazi wa kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing, Marekani, mwaka 2024 walikataa ofa mbili, ikiwemo moja ambayo viongozi wao wenyewe waliipendekeza, kabla ya kukubali ya tatu yenye asilimia 38 kwa miaka minne. Kamati ijiandae kwa jibu la "hapana": tarehe ya kurudi iandikwe kuwa ni siku moja baada ya kuridhia, na lindo la lango lisivunjwe kabla kura hazijahesabiwa.